Unataka mbwa wa kufanana na German Shepherd? Hawa ndio ninaowajua, na maksi nawapa

Wakuu habari za leo. Swali ninaloulizwa sana na watu wanaotaka mbwa wa ulinzi ni hili hapa, nataka mbwa kama German Shepherd ila asiwe German Shepherd. Na sababu zao ninazielewa kabisa, mmoja anakwambia bei imepanda mno, mwingine alishachoka na manyoya kila kona ya nyumba, mwingine aliuziwa Shepherd mwenye nyonga mbovu akateseka naye mpaka mwisho, na wengi tu mbwa wao alikufa na homa ya kupe wakasema basi, safari hii tunajaribu mbegu nyingine. Mimi nafuga mbwa wa ulinzi hapa Dar, Shepherd nimekaa nao miaka mingi na bado ninao, na wengi nitakaowataja hapa nimewashika kwa mkono wangu, ama kwangu ama kwa watu ninaowasaidia kufundisha mbwa wao. Kwa hiyo nitasema ninavyoona, na maksi nitatoa kwa kuangalia nyumba zetu za kawaida, kiwanja chenye ukuta, watu wazima wapo kazini mchana, watoto wapo, dada wa kazi yupo, mbwa analala nje.

Ila kabla sijataja mbwa yeyote tuelewane kwanza huyo Shepherd mwenyewe ni nani, maana watu wengi wanatafuta sura. Masikio yamesimama, mgongo mweusi, basi wanaona wamepata. Sura sio iliyomfanya apendwe dunia nzima. Kule Ujerumani kondoo walikuwa wanalishwa kwenye vipande vya majani katikati ya mashamba ya watu, mashamba yenyewe hayana uzio, sasa kazi ya mbwa ilikuwa kutembea kwenye mpaka kutwa nzima, anakwenda anarudi, anakwenda anarudi, kondoo akitia mguu kwenye ngano ya mtu anamrudisha bila kumchana, kisha anaendelea na doria yake. Mwaka 1899 mwanajeshi mmoja wa zamani, Max von Stephanitz, alimwona mbwa wa aina hiyo kwenye maonyesho kule Karlsruhe, akamnunua, akampa jina la Horand von Grafrath na kumsajili kuwa wa kwanza kabisa wa mbegu hii. Baadaye viwanda vikaongezeka na kazi ya kondoo ikapungua, Stephanitz akawasukuma mbwa wake waingie polisi na jeshini ili wasikose kazi, na mwaka 1916 kule Oldenburg wakaanza kufundishwa kuwaongoza wanajeshi waliopofuka vitani.

Ukishaelewa ile doria ya mpakani utaelewa kwa nini Shepherd anafaa kulinda nyumba. Mwangalie Shepherd mzima siku moja akifunguliwa banda saa kumi na mbili jioni. Hakimbilii getini kubweka hovyo. Anaanzia kona ya tanki la maji, anafuata ukuta, ananusa pale paka wa jirani anapopenya, anapanda kidogo kwenye lundo la kokoto achungulie nje, anamaliza mzunguko mlangoni kwako, anakutazama usoni, halafu ndio anaenda kukojoa kwenye mpapai. Hajafundishwa na mtu, ni damu. Na kuna mambo matatu hapo ambayo mimi ndiyo napimia mbwa wengine wote: anazunguka mwenyewe bila kutumwa, anakuangalia wewe kabla ya kuamua, na ana breki, yaani anaweza kumzuia mtu bila kumla. Mbwa akikosa hayo matatu hafanani na Shepherd hata masikio yakisimama mpaka mawinguni.

Tuanze na huyu anayetafutwa kuliko wote siku hizi, Belgian Malinois. Kiukweli nampenda sana huyu mbwa, na ndiyo maana nitamwongelea kwa kirefu. Ni mchungaji pia, mmoja wa wale wachungaji wanne wa Ubelgiji, yeye ndiye mwenye manyoya mafupi ya kahawia na uso mweusi, dume ana kilo kama 25 hadi 30 wakati Shepherd dume anaenda 30 hadi 40. Mwepesi, pua kali, haugui nyonga sana kama Shepherd, manyoya sio mateso. Majeshi na polisi wengi wamehamia kwake. Mbwa aliyekuwa na makomandoo wa Marekani usiku wa kumvamia Osama bin Laden mwaka 2011 alikuwa Malinois, anaitwa Cairo, na kule Kruger Afrika Kusini kuna mmoja aliitwa Killer aliyesaidia kukamata majangili wa faru zaidi ya mia moja, akapewa nishani Uingereza mwaka 2016. Sasa mtu akisikia hizo habari na akiona zile video anaruka ukuta wa mita kadhaa, anasema huyu ndiye Shepherd toleo jipya.

Sio toleo jipya, ndugu zangu. Ni mbwa mwingine kabisa. Shepherd akikosa kazi analala, ananenepa, anakusubiri jioni. Malinois akikosa kazi anaharibika kichwa. Nilienda nyumba moja huko Tegeta kumwona Malinois ambaye mwenye nyumba alisema amepata kichaa, nikamkuta bandani anazunguka, upande mmoja tu, hasimami, sakafu ya mchanga imechimbika duara kabisa, kucha za miguu ya nje zimelika kuliko za ndani, na wavu wa mlango ameutafuna mpaka meno ya mbele yamebaki vijiti. Nilipomwita alisimama sekunde moja, akanitazama huku anahema, akarudi kwenye mduara. Hakuwa na kichaa hata kidogo. Alikuwa anafungiwa tangu alfajiri mpaka usiku, kama tunavyofanya sisi sote na mbwa wetu, na huyu sio mbwa wa kufanyiwa hivyo. Iliniuma sana maana ni mbwa safi, mchanga, angewekwa na mtu wa kumfanyisha kazi asubuhi na jioni angekuwa lulu.

Na breki zake nazo ni jambo la kufikiria. Malinois amechaguliwa vizazi na vizazi awe wa haraka, akiona kitu kinakimbia mdomo unafika kabla akili haijafika. Mtoto anakimbiza mpira, bodaboda inapita, kuku wa jirani karuka ukuta, mambo yote hayo Shepherd aliyelelewa vizuri anayatazama tu, Malinois inabidi afundishwe mmoja mmoja na mtu anayejua. Kama una kampuni ya ulinzi, au una shamba na unakimbia naye kila siku, na una mwalimu, nampa 9 kwa 10. Kwa nyumba ya kawaida ya Dar, mbwa wa kufungiwa mchana na kufunguliwa usiku, nampa 3 na hapo nimejikaza.

Kuna ndugu yake anaitwa Dutch Shepherd, wale mnaoniulizia "Malinois mwenye michirizi ya chui" ndiye huyo. Mholanzi. Kazi ni zilezile, mwili ni uleule, wengine wametulia kidogo kuliko Malinois. Huku kwetu kumpata wa kweli ni shida na ukiambiwa yupo omba umwone mama yake kwanza, maana chotara wa Malinois na mbwa yeyote wa michirizi anauzwa kwa jina hilohilo.

Yule mweupe nae, White Swiss Shepherd, huyo ndiye wa karibu kabisa na Shepherd kwa damu, kwa sababu ametokana na German Shepherd weupe ambao Wajerumani waliwakataa wasisajiliwe kwa sababu ya rangi, wakaendelezwa Marekani na Kanada, kisha Uswisi wakawapa daftari lao. Mpole zaidi, anapenda watoto, anaogopa kelele kama hakuzoeshwa mapema. Kama unataka mbwa wa familia mwenye akili za Shepherd bila ule ukali, ni huyu. Kwa ulinzi anabweka vizuri, lakini usitegemee amkabili mtu. Nampa 6. Ila kuna jambo la hatari juu yake ambalo nataka kila mtu alisikie. Mbwa wengi wa jamii ya wachungaji wana kasoro fulani ya vinasaba inayoruhusu dawa kuingia kwenye ubongo, Collie ndiye anaongoza, Australian Shepherd wengi wanayo, huyu mweupe anaweza kuwa nayo na German Shepherd baadhi wanayo pia. Dawa yenyewe ni ivamektini, ileile tunayonunua dukani kwa wauza dawa za mifugo tunachomea ng'ombe, na mtu akiona mbwa ana upele anamchoma kwa kukadiria kwa macho. Mbwa mwenye kasoro hiyo anaanza kupepesuka, mate yanamtoka, macho hayaoni, anatetemeka, anazimia, na wengine hawaamki. Hata mbwa asiye na kasoro akizidishiwa dozi ya ng'ombe anaweza kufa. Tafadhali sana, mbwa mchungaji wa aina yoyote asichomwe ivamektini na mtu wa mtaani, mpeleke kwa daktari wa mifugo na umwambie kabisa huyu ni jamii gani, dawa za kupe na upele zilizo salama kwake zipo.

Sasa Rottweiler. Watu wanashangaa nikimweka kwenye kundi moja na Shepherd kwa sababu hawafanani hata chembe, lakini naye alianza kama mbwa wa mifugo, kwenye mji wa Rottweil kusini mwa Ujerumani, anaswaga ng'ombe wa mabucha kwenda sokoni na kuvuta mikokoteni yao. Hiyo historia unaiona mpaka leo. Shepherd anazunguka, Rottweiler anasimama. Anachagua sehemu moja, mara nyingi mlangoni au chini ya gari, anakaa pale kama mwenye nyumba, na mtu akiingia haruki ruki, anaenda polepole kifua mbele mpaka mtu mwenyewe anarudi nyuma. Kwa viwanja vyetu vidogo hii kazi inatosha kabisa, kuzunguka sio lazima sana pale ukuta wote unaonekana ukiwa umesimama sehemu moja. Anavumilia kukaa bandani mchana kuliko Malinois kwa mbali sana, manyoya yake mafupi hayakusumbui, na kwa mtu wake ni laini, anakuja anakuegemea mguuni na kilo zake 50 mpaka unayumba.

Kasoro zake, joto la Dar linamtesa, saa nane mchana bila kivuli na maji anaweza kukata moto, kwa hiyo banda la bati lisilo na dari ni mateso, ezeka hata makuti juu ya bati. Nyonga nazo zinamsumbua, na saratani ya mifupa ipo kwenye damu yao. Na anaposukuma watoto kwa bega hafanyi ukorofi, ndivyo alivyokuwa anasukuma ng'ombe, lakini mtoto wa miaka mitatu anaanguka na kuumia, kwa hiyo akatazwe tangu mdogo. Mtu mwoga asimchukue, akishajua unamwogopa nyumba inakuwa yake. Kwa nyumba ya kawaida nampa 8, ndiye wa juu kabisa kati ya hawa wa kizungu.

Dobermann nitampitia haraka, sio mchungaji, mbio anazo na ukali anao, ila moyo wake una ugonjwa wa kurithi unaowaua wengi ghafla wakiwa bado vijana, mimi sishauri kumnunua bila kuona mzazi amepimwa moyo. Boerboel wa Afrika Kusini ni mlinzi hasa na jua la Afrika analijua, lakini ni mzito, anakula sana, na ukimkosea malezi hakuna wa kumshika. Hao wawili wanafaa kwa sababu zao, ila mtu anayetafuta akili ya Shepherd hataipata kwao.

Na hawa wenye manyoya mengi kama simba, Caucasian Shepherd. Aisee. Naomba tuache kuwaleta huku pwani. Kwenye jina lake kuna Shepherd na kwa hiyo watu wanadhani ni German Shepherd mkubwa, lakini huyu hakuwahi kuchunga kwa kuzunguka wala kwa kusikiliza amri, kazi yake ilikuwa kukaa na kondoo kwenye milima ya Caucasus yenye theluji na kupambana na mbwamwitu usiku bila mtu kuwepo. Anaamua mwenyewe. Hakuangalii usoni akusubiri useme nini, na mgeni uliyemkaribisha wewe yeye hajamkaribisha. Halafu lile koti la baridi unamweka Mbezi mwezi wa pili, ulimi nje kutwa, ngozi chini ya manyoya inaoza na unyevunyevu. Mnyama anateseka bure. Nampa 1, na hiyo 1 ni ya huko kwao milimani.

Kangal wa Uturuki ni jamii hiyohiyo ya walinzi wa mifugo lakini koti lake ni fupi na nyanda kame anazimudu, na huyu naomba wafugaji wa Dodoma, Singida na Manyara wanisikilize. Kule Namibia tangu mwaka 1994 shirika la Cheetah Conservation Fund linawapa wafugaji mbwa wa aina hii kulinda mbuzi dhidi ya duma, na wanasaidia kweli, mfugaji asiyepoteza mbuzi haoni sababu ya kumpiga duma risasi. Siri iko kwenye malezi, mtoto wa mbwa anaingizwa zizini akiwa na wiki chache tu, analala na mbuzi, anakua akijua hao ndio ndugu zake. Kwa zizi nampa 9. Kwa nyumba ya mjini hapana, atabweka usiku kucha majirani wakuitie mjumbe.

Sasa nafika kwa yule ambaye moyoni mwangu ndiye jibu, na najua kuna watu watakunja uso. Chotara wa German Shepherd na mbwa wetu wa kienyeji. Yaani mama koko aliyekomaa, mlinzi mzuri, na baba Shepherd mwenye mgongo ulionyooka. Sijasema hivi kwa sababu ni rahisi. Ile homa ya kupe inayoua mbwa wetu, Shepherd anajulikana kwa madaktari kwamba ndiye anayeumwa vibaya kuliko mbegu nyingi, anaacha kula, fizi zinakuwa nyeupe, damu inatoka puani, na ukichelewa dawa hazimrudishi. Pavo, ule ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara damu, nayo inawapiga sana Shepherd, Rottweiler na Dobermann wakiwa wadogo. Mbwa wa kienyeji amechujwa na kupe hawa hawa na jua hili hili vizazi vingi, wale dhaifu walishakufa zamani hatukuwaona. Chotara anachukua sehemu ya ule ugumu, mwili unakuwa wa kati kilo 20 na kitu, nyonga mara nyingi zinakuwa bora, koti fupi, na ukibahatika, anachukua ile doria ya baba. Ninao wawili wa hivi kwangu, wanazunguka ukuta kama Shepherd kabisa, mmoja masikio yamesimama mmoja moja limelala, na usiku mtu akipita kwenye kichochoro wanakaa kimya mpaka aguse ukuta. Nampa 9 na sibadilishi.

Lakini chotara naye anachaguliwa, usiokote tu. Mtazame mama, ndiye anayewalea wale watoto kwa wiki zote za mwanzo na tabia yake watakuwa nayo, mama anayejificha uvunguni ukifika au anayetaka kukurarua bila sababu, ondoka hata kama watoto ni wazuri. Baba naye aombwe atembee mbele yako uende nyuma yake, ukiona miguu ya nyuma inayumba na vifundo vinagongana, au mgongo umeteremka mpaka makalio yako karibu na ardhi, achana naye, ile sio mapozi, hizo ni nyonga. Hapa Dar zipo kliniki zenye eksirei za kupima nyonga, muulize mwenye dume kama amepimwa. Kwa watoto mimi hupiga makofi mara moja nikiwa nyuma yao, namtafuta yule anayeshtuka, kisha anarudi mwenyewe kuja kunusa mkono wangu. Anayekimbia asirudi nampitia, na asiyegeuka kabisa nampitia pia, inawezekana hasikii.

Asiachishwe kwa mama kabla ya wiki nane. Chakula, ugali wa dona na dagaa ni sawa, nyama ya kuku iliyochemshwa vizuri na kutolewa mifupa ongeza, mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe maana inavunjika vipande vikali. Na unga wa mbwa usiwe ule wa mahindi yaliyoota ukungu ambayo tumeona hayafai kuliwa na watu, sumukuvu inakula ini la mbwa haraka sana, unaona anatapika, macho na fizi vinakuwa vya njano, siku chache ameondoka na watu wanasema katiliwa sumu na wezi. Kupe wakague kila jioni masikioni na katikati ya vidole, banda lipakwe chokaa nyufa zizibwe, ndimo wanamozaliana.

Bei ya chotara ni ndogo sana ukilinganisha na hawa wengine wote, mara nyingi unapewa kwa hela ya soda. Basi ile hela uliyokuwa umeiweka ya kununua mbegu mpeleke nayo kwa daktari wa mifugo akiwa na wiki sita mpaka nane aanze chanjo ya pavo na distempa (ugonjwa mwingine wa virusi), arudie kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kumi na sita, na ya kichaa cha mbwa achomwe akifika miezi mitatu, kadi uitunze ndani, na kabla chanjo hazijakamilika usimtembeze barabarani wanapopita mbwa wengine.